Mlango wa mgodi kwenye DuckTales ya Game Boy

Yaya, unauliza kama kasete yako ya DuckTales, mchezo wa video wa Game Boy (mashine ndogo ya mkononi), imeharibika kwa sababu mlango wa mgodi haufunguki. Hapana, haijaharibika. Ule mlango wa mgodi wa Afrika unafungwa makusudi: ufunguo wake uko kwenye hatua ya Transylvania. Toka, nenda kwanza kule kwenye jumba la mizimu, tafuta ufunguo, halafu rudi mgodini. Ndani kuna almasi kubwa inayokungoja.

Nimeimaliza mara nyingi kwenye Game Boy ya kaka yangu mkubwa, hapa Lubumbashi, tukikaa karibu na dirisha kwa sababu kioo chake hakina taa ya ndani. Mgodi ndio tuliupenda kuliko hatua zote, sisi watoto wa Katanga, eneo la migodi.

Na kuna aliyeandika kwamba ni mchezo wa Nintendo: Nintendo ni kampuni iliyotengeneza mashine. Mchezo wenyewe ulitengenezwa na Capcom, ukatoka kwenye Game Boy mwaka 1990, baada ya ule wa 1989 wa NES, mashine ya Nintendo inayounganishwa na televisheni. Hatua ni zile zile 5 (Amazon, Transylvania, mgodi, Himalaya, mwezini), ila njia za ndani zimebadilishwa, kwa hiyo ramani ya ule wa televisheni itakupoteza.

Kuruka kwa fimbo: bonyeza kitufe cha A, na Picsou (yule bata tajiri unayemchezesha) akiwa bado hewani shika kitufe cha chini pamoja na B, usiachilie. Angalia betri pia kabla ya kuanza, maana mchezo huu hauhifadhi mahali ulipofika. Zikizimika, unaanza upya.