Si mwanamke, mwanangu: mumeo anaumwa

Shangazi,
Mume wangu alikwenda Leeds, Uingereza, mwishoni mwa 2024 kuhudumia wazee. Mwanzo alipiga kila siku. Sasa nampigia saa mbili asubuhi kabla sijafungua duka, hapokei. Siku ya mapumziko hulala tu. Nikimuuliza lini atanichukua, asema haiwezekani. Juzi aliniambia amechoka na roho yake, nikamkatia simu. Mamake adai mwanawe mgonjwa, najua anamfichia. Pesa analeta. Ana mwanamke huko, sivyo?
Mke wa Kisauni

Pole, mwanangu. Upweke ni mzito. Pole yangu inaishia hapo.

Mwanamume mwenye kimada huoga, hujitia manukato, huzuka na safari zisizo kichwa wala miguu. Hashindi kitandani siku yake ya mapumziko.

Hilo la kukuchukua, hakudanganyi. Aliyeingia Uingereza kwa viza ya kuhudumia wazee baada ya sheria ya Machi 2024 haruhusiwi kuchukua mke wala watoto. Viza yenyewe imefungwa kwa mwajiri. Akiachishwa, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine mwenye idhini, la sivyo afunge virago. Kwa hiyo watu wengi humeza matusi, hufanya zamu za usiku, wala hawathubutu kusema wanaumwa. Disemba huko Leeds jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu wa barza na kahawa chungu, aliyezoea kusalimiwa kila pembe, anatoka gizani na kurudi gizani, na hakuna anayemuuliza ameamkaje.

Lakini lililonitisha ni lile ulilolipita mbio: "amechoka na roho yake." Wanaume wetu wa Pwani hawasemi hivyo kwa mzaha. Mpigie leo, na usianze na "uko na nani". Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asibaki peke yake: kuna Samaritans, watu wa kumsikiliza kwa simu huko Uingereza, namba 116 123, bure, usiku na mchana. Hatari ikiwa ya papo hapo, apige 999, namba ya dharura ya huko. Kama hayajafika huko, ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, hatozwi kumwona. Tena huko aliko mtu mzima anaweza kuomba mwenyewe tiba ya mazungumzo bila kupitia kwa daktari. Swala asiache, lakini kujitibu nako tumeamrishwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Ndoa za siku hizi, wallahi! Mke anajua mumewe alionekana mtandaoni saa ngapi, hajui amekula nini. Saa mbili yako ya asubuhi, majira ya baridi, kwake ni saa kumi na moja alfajiri. Huenda yuko zamu, au ndiyo kwanza amejilaza. Halafu unaniandikia hapokei! Na katika barua nzima, jasho lake umelipa maneno mawili: "Pesa analeta."

Mama mkwe wako hamfichii mtu. Sauti ya mwanawe anaijua kabla yako. Nenda kwake leo jioni, mpange nani ampigie siku gani, na kila ombi la pesa la ukoo, la harusi au la mabati, liishie kwenu nyinyi wawili kwanza.