Maswali ya Wasomaji: Injini Moja au Mbili Kwenye Simuleta?

Assalaam aleikum wahariri. Cessna 172, ndege ya injini moja, nimeshaizoea kwenye simuleta ya kompyuta, natoka Tanga hadi Unguja bila tabu. Sasa nataka kuhamia Baron ya injini mbili, ili moja ikizimika juu ya bahari nibaki na nyingine. Nafanya sawa? (Msomaji, Chumbageni)

Waaleikum salaam. Kuhama ni sawa, ila sababu uliyoitoa turekebishe kwanza. Injini ya pili si tairi la spea.

Ndege hupanda kwa nguvu inayobaki baada ya ile inayotumika kuishikilia tu angani. Injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu yote, lakini hasara hiyo inakula ile ziada ya kupandia. Baron G58 yenye mzigo kamili, usawa wa bahari, hupanda kiasi cha futi 1,700 kwa dakika injini zote zikifanya kazi. Ikibaki na moja haifiki futi 400. Na hizo ni hesabu za hewa ya nyuzijoto 15. Weka hali ya hewa ya mchana wa Februari Tanga, nyuzi 32, na mbawa na injini zitafanya kazi kama vile ndege iko futi 2,000 juu zaidi. Ukiwa umejaza mafuta na abiria, utaiona sindano ya kupanda ikinyanyuka kwa shida.

Kwa injini moja Baron hiyo hushindwa kuendelea kupanda vizuri ikifika karibu futi 7,000. Vilele vya juu vya Usambara vinapita mita 2,200, yaani futi 7,200 na zaidi. Kwa hiyo ukielekea Lushoto na injini ikazimika, usijaribu kuvuka. Geuka urudi bondeni mapema.

Faida iliyo wazi zaidi ni mwendo. Tanga hadi Unguja ni maili za baharini 69 hivi. Cessna 172 kwa noti 115 huchukua dakika 36, Baron kwa noti 180 dakika 23. (Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.) Kwa dakika hizo 13 unalipa kwa mafuta: 172 hutumia lita 34 hivi kwa saa, Baron hupita lita 110.

Kila nikizima injini ya kushoto mara tu baada ya kuruka, Baron inajipindua kushoto na kuanguka. Je, programu ina kasoro? (Msomaji, Ngamiani)

Programu inakuonyesha ukweli. Jambo hili ndilo kiini cha ndege za injini mbili, kwa hiyo tutalieleza kwa kirefu.

Injini ya kulia inasukuma ikiwa mbali na katikati ya ndege, na ya kushoto haipo tena kuisawazisha. Pua inavutwa kushoto. Juu ya hapo, pangaboi la injini iliyokufa bado linazungushwa na upepo na linakokota kama breki, huku bawa la kushoto likikosa ule upepo wa pangaboi uliokuwa ukilisaidia kubeba. Ndiyo maana ndege haiishii kugeuka tu, inalala.

Kinachoizuia ni usukani wa mkia, na usukani huo unategemea upepo unaoupiga. Nguvu yake hufuata mraba wa mwendo: ukishuka kutoka noti 101 hadi 84 umeshapoteza karibu theluthi. Kwenye kipimo cha mwendo cha Baron G58, noti 84 ina mstari mwekundu na 101 ina mstari wa bluu. Chini ya mwekundu, injini nzima ikiwa kwenye nguvu zote, usukani hauwezi tena kushinda. Wa bluu ndio mwendo wa kupanda vizuri zaidi kwa injini moja.

Umechagua injini ya kushoto, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kufa. Mapangaboi yote mawili ya Baron huzunguka upande mmoja, na ukipanda pua ikiwa juu, pangaboi la kulia huvuta zaidi kwa upande wake wa nje. Mkono wa nguvu, yaani umbali wa msukumo kutoka katikati ya ndege, unakuwa mrefu. Piper Seneca II haina tatizo hilo, kwa sababu mapangaboi yake huzunguka kwa kupishana. Ni ndege nzuri ya kujifunzia.

Fanya hivi. Injini ikifa bado uko ardhini, rudisha vishikio vyote viwili vya nguvu na ufunge breki, usibishane. Ikifa umeshapaa, kwanza kabisa usukani wa mkia upande wa injini nzima, na bawa la upande huo ulishushe kidogo, lisizidi nyuzi 5. Gololi ya kipimo cha kuteleza kando itakaa nusu nje ya katikati, kuelekea injini nzima, na hapo ndipo mahali pake. Shusha pua upate noti 101. Sukuma mbele vishikio vyote: mchanganyiko wa mafuta na hewa, pangaboi, nguvu. Pandisha magurudumu na flapu (vibawa vya nyuma ya mbawa).

Sasa tambua iliyokufa. Mguu usiokanyaga uko upande wa injini iliyokufa. Thibitisha kwa kurudisha taratibu kishikio chake cha nguvu: kama hakuna kinachobadilika, ndiyo yenyewe. Wengi huruka hatua hii kwa haraka na kuzima injini nzima. Ndipo uvute kishikio cha pangaboi hadi mwisho, mapanga yageuke makali yake yaelekee upepo, kisha ukate mafuta. Usichelewe, maana pangaboi likishuka mizunguko kupita kiasi, komeo za ndani hulifunga na mapanga hayageuki tena.

Na ukijikuta chini ya mstari mwekundu, ndege imeanza kulala? Punguza nguvu ya injini nzima na ushushe pua. Mkono utakataa, lakini hiyo ndiyo njia ya kutoka.

Naweza kuvuka kwenda Pemba na 172 nikiwa na uhakika wa kufika nchi kavu injini ikizimika? (Msomaji, Pangani)

Kwa hesabu, ndiyo. Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, kwa hiyo katikati uko kilomita 25 kutoka kila upande. 172 kwa noti 68 huteleza takriban mita 9 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Unahitaji futi 9,100 hivi katikati ya mkondo. Kwa mwelekeo wa mashariki, futi 9,500 zinafaa. Zunguka juu ya Tanga hadi uzifikie, usianze kupandia baharini. Kumbuka upepo: kaskazi au kusi likikupiga usoni, umbali wa kuteleza unapungua.

Joistiki yangu ina kishikio kimoja tu cha nguvu na sina pedali. Nitafanyaje mazoezi ya injini mbili? (Msomaji, Muheza)

Inawezekana. Joistiki inayozungushika ndiyo usukani wako wa mkia. Badala ya mguu, angalia mkono: unazungusha kulia, basi iliyokufa ni ya kushoto. Zima msaada wa usukani wa kujiendesha kwenye mipangilio, la sivyo programu itakufanyia kazi na hutajifunza kitu. Kisha weka vitufe vya kuchagua injini ya kwanza, ya pili na zote. Kwenye FlightGear vipo tayari: alama ya ! ni ya kwanza, @ ya pili, ~ zote. Programu hiyo ni ya bure na ina Seneca II. Microsoft Flight Simulator ya 2020 hudai zaidi ya gigabaiti 100 za diski, pamoja na bando la kuvutia picha za ardhi.

Anzia futi 4,000 juu ya bahari, si kwenye kuruka. Ukimaliza zoezi rudisha kitufe kwenye "zote" kabla ya kutua, kwa sababu kosa la kawaida hapa ni kupunguza injini moja tu ukiwa karibu na ardhi.