Msimu wa korosho na foklifti: anza na uzi wa gunia

Wadogo zangu mnaokuja Mtwara kuendesha foklifti msimu huu, karatasi ya ukaguzi mtakayopewa asubuhi haina mstari wa uzi wa gunia. Mimi ningeuweka wa kwanza.

Korosho husafirishwa kwenye magunia ya juti, kilo 80 hivi kila moja. Yakichanika, nyuzi hubaki sakafuni na gurudumu la mbele huzizoa. Zinajiviringisha kwenye ekseli kidogokidogo, zinakula sili inayozuia oili, oili inavuja mpaka kwenye breki. Mwaka wangu wa pili nilitiki karatasi nzima nikiwa nimekaa juu ya paleti na kikombe cha chai, breki nazo nikazitiki. Saa nne nilikuwa nashuka rampu kinyumenyume na mzigo. Nikakanyaga breki, mashine ikaendelea kwenda. Lililonisimamisha ni rundo la magunia matupu. Fundi alipofungua gurudumu, alitoa uzi wa kutosha kusuka kamba ya mbuzi.

Kwa hiyo kabla hujawasha, shika tochi, chuchumaa. Meno ya kunyanyulia mzigo yawe chini, handibreki imefungwa. Mulika nyuma ya magurudumu ya mbele. Uzi unaofikika ukate kwa kisu, ulioingia ndani mwachie fundi. Halafu rejeta, kwa sababu vumbi na nyuzi huziba mapezi yake, na kwa joto letu hili injini itachemka kabla ya adhuhuri. Maji yapime asubuhi hiyohiyo. Injini ikishapata moto, mfuniko wa rejeta usiuguse.

Ukiona doa la oili sakafuni, tafuta linakotoka, ila usipapase hozi ya haidroliki kwa kidole. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, kumbe ni cha kukimbizwa hospitali. Badala ya kidole, pitisha kipande cha boksi.

Meno yaangalie pale yanapojikunja, ndipo yanapolika kwa kuburuzwa. Jino likipoteza asilimia 10 ya unene wake, yaani la milimita 40 likibaki 36, linabadilishwa hata kama kwa macho linaonekana zima. Cheni zinazonyanyua meno zinapimwa na fundi. Wewe tazama kutu, maana hewa ya bandarini ina chumvi, na uone kama zote mbili zimekaza sawa. Honi, mkanda, taa, king'ora cha kurudi nyuma: dakika mbili. Mwisho washa, sogea mita chache bila mzigo, kanyaga breki.

Kasoro ukiikuta, supavaiza atakwambia malori ya Tandahimba yamepanga foleni tangu usiku, piga kazi kwanza. Usibishane naye mbele ya makuli. Andika kasoro, andika na saa, chomoa ufunguo, mkabidhi vyote viwili mkononi.

Mara nyingi nilipofanya hivyo fundi aliitwa kabla ya saa sita. Mara moja niliambiwa nikapumzike nyumbani, akachukuliwa deiwaka, kibarua wa siku, aendeshe badala yangu. Siku ya nne nikaitwa tena. Nilichuchumaa na tochi yangu: uzi nilioandika ulikuwa palepale, umenenepa.