Sindano hakuchomwa, damu imesomwaje?

SWALI: Daktari, mama alibanwa kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, kikasoma asilimia 84. Nikashtuka. Muuguzi akamsugua mikono, kikapanda hadi 97. Hiyo oksijeni ilitoka wapi?

JIBU: Ilikuwemo muda wote, mwanangu; baridi ndiyo iliyokudanganya. Ndani ya kibanio kuna taa mbili ndogo: nyekundu, ambayo unaiona, na ya infraredi, ambayo huioni. Damu yenye oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na kunyonya zaidi infraredi. Iliyopungukiwa hufanya kinyume. Lakini ngozi na mfupa navyo hunyonya mwanga. Utavitengaje? Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, aliona jambo ambalo hadi leo hunifurahisha: kinachodunda ni damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Basi kifaa hushika kile kinachopanda na kushuka kwa mapigo, mengine huyaacha. Kidole cha baridi hudunda kwa shida, na kifaa hubahatisha.

Rangi ya kucha nayo huvuruga. Kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kuzidisha kipimo kidogo. Ninachokiogopa zaidi ni mtu aliyevuta moshi wa moto: gesi yake ya kaboni monoksidi hukihadaa kifaa kisome 98, naye anazidiwa. Huyo mpeleke akapimwe damu yenyewe.