Entebbe hadi London: masaa mangapi angani?

Dada, umeuliza ni kilomita ngapi kutoka Entebbe hadi London na mama atakaa angani muda gani, kwa kuwa magoti yanamsumbua. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,460, na ndege isiyotua njiani huchukua karibu masaa tisa. Ukimpitishia Dubai, safari inakuwa zaidi ya kilomita 9,000, maana anavutwa mashariki kwanza kisha anarudi magharibi, na bado kuna kusubiri pale katikati. Tiketi hiyo inaweza kuwa nafuu, lakini kwa magoti yale mimi ningelipia ya moja kwa moja. Mwombee na kiti cha magurudumu mapema, unapokata tiketi.

Saa za kufika zisikuchanganye: London iko nyuma yetu kwa masaa mawili majira yao ya joto, matatu wakati wa baridi.

Sasa soma tiketi yenyewe kwa makini. Ikiandikwa tarehe 14, 01:20, hiyo ni saa saba na dakika ishirini za usiku. Anatoka nyumbani jioni ya tarehe 13! Shangazi yangu alifika uwanjani jioni ya tarehe ile ile iliyoandikwa, sanduku limefungwa kamba vizuri, kumbe ndege iliondoka usiku uliotangulia. Alilia pale pale mlangoni. Tafadhali mwandikie mama kwenye karatasi, kwa saa zetu, siku na saa ya kutoka Kampala.