Maswali ya wasomaji: Swichi ya taa ya breki ya nyuma kwenye Honda ya zamani

SWALI: Ndugu mhariri, baba yangu aliniachia Honda CG 125 ya mwaka 1978, ambayo hadi leo inatumia umeme wa volti 6. Swichi ya taa ya breki, ile ya upande wa pedali, ilikwisha kuliwa na kutu. Fundi wa hapa mtaani alinifungia swichi iliyotoka kwenye pikipiki ya volti 12, na kwa kuwa springi yake ilikuwa imepotea, aliiunganisha na pedali kwa waya wa chuma. Wiki ya pili ulimi wa swichi uling'oka. Je, kosa ni la volti? Nikipata swichi nyingine, niifunge namna gani? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ndugu msomaji, kosa si la volti. Kazi ya swichi ni kufungua na kufunga njia ya umeme, na kinachoichosha ni wingi wa mkondo unaopita ndani yake. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 huvuta ampea 1.75, lakini wati hizo hizo kwenye volti 6 huvuta ampea 3.5, yaani mara mbili. Kwa hiyo tafuta swichi yenye kontakti imara, na usiiunganishe kwa waya mwembamba kama wa redio.

Kilichoharibu swichi yako ni ule waya wa chuma. Ulimi wa swichi husogea milimita chache tu, ilhali pedali huenda mbali zaidi ya hapo, hasa pale mtu anapokanyaga kwa nguvu akiteremka kutoka Kadutu kuelekea Ibanda huku amepakia abiria. Springi ndiyo inayobeba tofauti hiyo: huuvuta ulimi hadi mwisho wake, kisha hurefuka yenyewe na kuuacha ulimi umetulia. Waya haurefuki, kwa hiyo nguvu yote ya mguu wako iliishia kwenye ulimi wa plastiki. Hata ukikosa springi ya asili, tafuta nyingine laini ya urefu unaolingana, wala usikubali tena kufungiwa waya.

Kabla ya kufunga swichi, rekebisha breki yenyewe. Ncha ya pedali icheze kati ya milimita 20 na 30 kabla viatu vya breki havijagusa dramu, kwa maana ukirekebisha breki baadaye, mahali pa kuwakia taa pia patabadilika. Kisha pachika swichi kwenye kishikizo chake cha fremu, ukiangalia kwamba ulimi, springi na tundu la mkono wa pedali viko kwenye mstari mmoja, kwa sababu ulimi unaovutwa kwa upande hulika upesi.

Ondoa kichwa kimoja cha waya wa betri kabla ya kushika nyaya. Kwenye Honda, waya mweusi huleta umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na wa kijani wenye mstari wa njano huupeleka kwenye taa ya breki. Wa kijani mtupu ni wa ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye fremu na betri, nao hauhusiki na swichi hii. Ukiuunganisha hapo kwa bahati mbaya, fyuzi itaungua mara tu unapokanyaga breki.

Sasa rudisha betri, washa ufunguo, shika mwili wa swichi kwa vidole ili usizunguke, kisha zungusha peke yake nati inayoipandisha na kuishusha swichi kwenye kishikizo. Ukizungusha mwili, nyaya zitajisokota na kukatika ndani, mahali ambapo jicho halioni. Swichi ikipanda, taa huwaka mapema, ikishuka, huchelewa. Sisi wa Bukavu tunapaswa kuwa waangalifu zaidi hapa, kwani kwenye miteremko yetu wengi huteremka mguu ukiwa umelala juu ya pedali. Taa ikiwaka kwa uzito wa mguu tu, itakuwa imewaka njia nzima, na anayekufuata hatajua ni lini umefunga breki kweli. Iwake pale mchezo wa pedali unapokaribia kwisha, kabla tu viatu havijaanza kushika.

Isipowaka, gusanisha nyaya mbili za swichi kwa muda mfupi. Ikiwaka vizuri, swichi ndiyo mbovu. Ikiwaka kwa unyonge, kagua ethi ya taa ya nyuma: mara nyingi hupitia kwenye bolti za madigadi, na matope ya mvua zetu huzijaza kutu. Zifungue, zisugue kwa msasa hadi chuma king'ae, uzirudishe. Isipowaka kabisa, chomoa balbu uitazame: ina nyuzi mbili, na ule wa breki huenda umekatika huku ule wa taa ya usiku ukiendelea kuwaka.

Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, jaribu taa tena, kisha uijaribu kila unapokaza breki ya nyuma.