Wino wa Kikorea unafanya chengachenga: nakosea wapi?

SWALI: Rafiki yangu aliyekuwa Seoul aliniletea brashi, mche wa wino na jiwe la kuusagia. Nikisaga leo, kesho wino unanuka na umejaa chengachenga. Tena nasafiri sana, napenda kuvibeba. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kosa ni kuulaza wino. Mche huo ni masizi, ya msonobari au ya mafuta, yaliyokandwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama. Ukiwa mkavu unakaa miaka na miaka. Ukishaingia maji, gundi inaoza kama mchuzi uliolala, na kwa joto la Tanga usiku mmoja unatosha. Gundi ikioza masizi hayana cha kuyashika, yanagandana. Saga wa leo tu.

Anza na matone machache ya maji baridi. Wakorea wana chombo chake, yeonjeok: kidude cha kauri chenye matundu mawili. Ukiziba la juu kwa kidole maji hayatoki, ukiachia, yanadondoka. Kimoja cha karne ya 12, enzi za Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, chenye umbo la bata, kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Gansong, Seoul. Sijaona chombo cha mezani kizuri kama kile.

Shika mche wima, uzungushe taratibu bila kukandamiza. Wino umeiva pale mche unapoacha njia nyuma yake, na njia hiyo ikachelewa kufunga. Ukimaliza ufute mche, usiuache juu ya jiwe: utaganda, na kuung'oa kutabandua uso wa jiwe. Jiwe lioshe kwa maji matupu, kila siku.

Kuhusu safari, wasomi wa enzi za Joseon, ufalme uliofuata baada ya Goryeo, walikuwa na mawe madogo ya njiani, na pia vikopo vyenye pamba iliyolowa wino, brashi ikawa ya kuchovya tu. Pamba ni nzuri kwa sababu haimwagiki begini, lakini tumia wino wa chupa uliotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Brashi iviringishe kwenye kijimkeka cha vijiti vya mianzi ili ipate hewa. Ukiifungia mbichi kwenye plastiki itaota ukungu na nywele zitang'oka. Mche nao uzungushie karatasi, usiuache juani dirishani, utapasuka.